Usisubiri Iwe Nyekundu: Kutunza Ngozi Wakati wa Mionzi ya Saratani ya Titi

Upasuaji umekwisha, pengine na dripu za kemo umezimaliza, sasa daktari anakuambia hatua inayofuata ni mionzi. Swali la kwanza la wagonjwa wengi ni hili: "Nitaungua?" Ukweli ni kwamba karibu kila anayepata mionzi ya titi huona badiliko fulani kwenye ngozi. Kwa wengi badiliko hilo ni dogo, linavumilika, na hupona wiki chache baada ya tiba kwisha. Wachache ndio wanaochubuka hadi kupata kidonda. Nani atachubuka na nani atapita salama, sehemu yake huamuliwa na kiasi cha mionzi na umbile la mwili, mambo ambayo huna uwezo nayo. Sehemu nyingine huamuliwa bafuni, jikoni na kitandani. Mwongozo huu unahusu sehemu hiyo ya pili.

Shika jambo moja kabla ya yote. Vipeperushi vingi vya mionzi viliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, ndiyo maana vinakuambia uangalie wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, na mara nyingi hauonekani kabisa. Dalili zinazotangulia ni joto, kukaza, muwasho, maumivu ukigusa, na weusi unaozidi ule wa upande wa pili. Hata vipimo ambavyo wahudumu hutumia kupanga ukali wa madhara vimeegemea wekundu, kwa hiyo mhudumu anaweza kukutazama kwa macho akaandika kwamba huna tatizo wakati ngozi imeshaanza kuchoka. Anayejua kwanza ni wewe, kwa kiganja chako. Usipolisema, huenda hakuna atakayeliona.

Kinachotokea chini ya ngozi

Mionzi hailengi ngozi, lakini lazima ipite hapo ili ifike ilikotumwa. Tabaka la chini la ngozi ndiko seli mpya zinakozaliwa, na kwa kawaida seli huchukua takriban wiki nne kupanda hadi juu na kupukutika. Mionzi hupunguza uzazi huo. Seli za zamani zinaendelea kupukutika na mpya zinachelewa kufika, na ngozi inabaki nyembamba na kavu.

Hii ndiyo sababu siku za kwanza huoni kitu. Mabadiliko huanza wiki ya pili au ya tatu, huongezeka taratibu, na hufikia kilele wiki moja hadi mbili baada ya kipindi cha mwisho. Wengi hushtuka hapo: wamemaliza tiba, wameshaagana na wauguzi, wamerudi Kigoma au Mtwara, ndipo ngozi inapochubuka. Si kwamba kuna kilichoharibika. Kalenda ya ngozi ndivyo ilivyo.

Idadi ya vipindi hutofautiana. Mpango wa zamani ulikuwa vipindi 25, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano. Tafiti kubwa za Uingereza, zikiwemo START, zilionyesha kwamba vipindi 15 kwa wiki tatu vinatosha kwa wagonjwa wengi, tena ngozi huumia kidogo zaidi. Uko pia mpango wa vipindi vitano kwa wiki moja, uliopimwa katika utafiti wa FAST-Forward ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2020. Wengine huongezewa vipindi vichache vinavyolenga pale uvimbe ulipokuwa. Muulize daktari wako uko kwenye mpango upi, maana ukiwa kwenye ule mfupi, madhara ya ngozi yanaweza kujitokeza ukiwa tayari umesharudi nyumbani.

Mashine nayo ina mchango wake. Miale ya mashine ya kobalti 60 huanza kutoa nguvu yake yote karibu nusu sentimita tu chini ya ngozi, ilhali ile ya kawaida ya mashine ya LINAC hufika kilele chake kwenye sentimita moja na nusu hivi, kwa hiyo ngozi inasalimika zaidi. Na kama titi lilitolewa lote, wataalamu wakati mwingine hulaza kifuani kipande laini kama jeli kabla ya kuwasha mashine. Hicho huwekwa makusudi ili ngozi yenyewe na kovu vipate mionzi ya kutosha. Ukiona unawekewa, jua kwamba ngozi yako itahitaji uangalizi zaidi.

Sehemu zinazoumia kwanza

Ngozi huumia zaidi mahali inapokunjana, inapotoka jasho na inaposuguana. Kwa mionzi ya titi, mahali hapo ni patatu: chini ya titi (pale linapolalia mbavu), kwapani, na shingoni karibu na mtulinga, kama tezi za eneo hilo nazo zinatibiwa. Usisahau mgongo wa juu upande huohuo, kwa sababu mionzi iliyoingia mbele karibu na mtulinga hutokea nyuma. Mgonjwa hujipaka mafuta kifuani kila siku bila kujua kwamba begani kwa nyuma nako kumekuwa kweusi.

Wenye matiti makubwa, wenye mwili mnene, wenye kisukari na wanaovuta sigara huwa kwenye hatari zaidi. Kwa sigara ushauri ni mmoja: acha, hata ikiwa ni kwa kipindi hiki tu kwa kuanzia, kwani ngozi inahitaji damu yenye hewa safi ili ipone. Wanaume wachache wanaopata saratani ya titi nao hutibiwa kwa mionzi, na ushauri huu ni wao pia.

Kabla ya siku ya kwanza

Siku ya kupimwa na kupangiwa, watakuchora alama kwa wino au kwa vidoa vidogo vya kudumu. Alama hizo ndizo zinazoiongoza mashine ilenge palepale kila siku. Ukiona zinafifia, mwambie mtaalamu azirudishie. Usizichore tena mwenyewe kwa kalamu.

Waambie mapema kama una pumu ya ngozi, kama ngozi yako ina tabia ya kuota makovu makubwa, kama una ugonjwa wa kinga ya mwili kama lupasi, au kama uliwahi kupata mionzi kifuani. Taja dawa zote unazotumia, pamoja na zile za miti shamba na vidonge vya vitamini. Vidonge vyenye kiwango kikubwa cha vitamini si vya kumeza kiholela wakati wa mionzi.

Wakati ngozi bado ni nzima, jipige picha ya simu mchana, karibu na dirisha: mbele, ubavuni mkono ukiwa juu, na mgongoni. Mwombe dada au binti yako akusaidie. Wiki ya tatu utakapojiuliza kama weusi huu ni mpya au ulikuwepo, picha itakujibu, na daktari naye atakuwa na kitu cha kulinganisha.

Baada ya upasuaji, mkono unatakiwa uweze kuinuka hadi juu ya kichwa, kwa sababu ndivyo utakavyolala chini ya mashine. Fanya mazoezi uliyofundishwa, taratibu, na uyaendeleze kipindi chote cha tiba. Kwapa linalobaki limebanwa kutwa nzima hutota jasho, na hapo ndipo ngozi inapoanza kubambuka.

Kuoga

Ile habari kwamba maji yasiguse kifua mpaka mionzi iishe imepitwa na wakati. Kuoga kunaruhusiwa, na ni vizuri, kwa sababu ngozi safi haipati maambukizi kirahisi. Kinachotakiwa ni upole.

1. Tumia maji ya uvuguvugu. Yasiwe ya moto, hata kama ni asubuhi ya baridi Mbeya au Limuru.
2. Chagua sabuni laini isiyo na harufu. Sabuni ya kufulia na sabuni kali za kuua vijidudu ziweke kando.
3. Ipake kwa kiganja. Dodoki, brashi na jiwe havina kazi kwenye eneo la mionzi.
4. Mimina maji kwa kopo au acha bomba likumwagikie begani. Usielekeze bomba lenye kasi moja kwa moja kifuani.
5. Kausha kwa kubonyezabonyeza taulo laini au kanga kuukuu iliyofuliwa. Usisugue. Nyanyua titi, kausha chini yake. Nyanyua mkono, kausha kwapa.
6. Kaa dakika chache ukipepewa kabla ya kuvaa. Unyevu uliofungiwa ndani ya nguo ndio unaolainisha ngozi hadi ikatoka.

Poda usiitie chini ya titi wala kwapani. Ikikutana na jasho hugandamana na kusugua ngozi.

Cha kupaka na cha kuacha

Ngozi ikiwa nzima, paka losheni au krimu nyepesi isiyo na manukato, mara mbili kwa siku, tangu siku ya kwanza. Paka kidogo, ikae mpaka inywe. Usiende chini ya mashine ukiwa umejipaka tabaka zito, iwe mafuta ya mgando au kitu kingine, maana tabaka hilo huongeza kiasi cha mionzi kinachobaki kwenye ngozi. Njia rahisi ni kupaka baada ya kipindi na tena usiku. Kama kliniki yako imekuandikia aina fulani, fuata hiyo.

Ipo dawa ambayo tafiti zimeonyesha inapunguza ukali wa madhara ikianza kupakwa mapema: krimu ya steroidi iitwayo mometasoni. Hii huandikwa na daktari, na haipakwi mahali palipochubuka. Muulize kama inakufaa. Usinunue steroidi yoyote ile dukani kwa kusikia jina, kwa sababu nguvu zake hazilingani, na nyingine huishia kwenye meza za wauza vipodozi bila maelezo yoyote.

Shubiri mwitu watu huisifu sana. Jeli yake safi hupoza, lakini tafiti hazijathibitisha kwamba inazuia madhara ya mionzi, na utomvu wa manjano unaotoka kwenye jani lililokatwa sasa hivi unaweza kuwasha. Mafuta ya nazi yasiyotiwa manukato, kidogo, kwenye ngozi isiyochubuka, kwa kawaida hayana ubaya. Hata hivyo mwambie muuguzi kwamba unayatumia.

Sasa orodha ya kuacha. Acha liwa, manjano na msio kwenye eneo hilo, kwa kuwa kazi yake ni kusugua. Acha kujifukiza udi ukiwa umejifunika kifuani, kwani joto na moshi havisaidii kitu. Acha manukato na pafyumu. Acha dawa ya meno, ute wa yai, majivu na asali ya kuokoteza, ambavyo majirani watakuletea kwa nia njema wakisikia "umeungua". Dawa ya kukata jasho la kwapani si marufuku tena kama zamani, kwa sababu tafiti hazikuona kwamba inazidisha madhara kwenye ngozi nzima. Chagua isiyo na harufu, na uiache mara ngozi ikianza kuwasha au kufunguka.

Kwapa usilinyoe kwa wembe, wala kwa krimu za kunyonyolea, wala kwa sukari na ndimu kama ilivyo desturi ya pwani. Ikiwa ni lazima, tumia mashine ya umeme ya kunyolea. Mara nyingi haitakuwa lazima, kwani kwapa likiwa ndani ya eneo la tiba nywele zake hupukutika zenyewe.

La mwisho ni mkorogo. Eneo la mionzi litakuwa jeusi, na atatokea mtu wa kukushauri "urudishe rangi". Krimu za kuchubua zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania, Kenya na Rwanda kwa madhara yake kwa mtu mzima wa afya. Kwenye ngozi iliyotoka kwenye mionzi ni hatari maradufu. Weusi huo hupungua wenyewe kadiri miezi inavyopita.

Nguo, kanga na mizigo

Sidiria yenye waya iweke kabatini mpaka utakapopona. Nyumbani kaa bila sidiria ukiweza. Ukitoka, vaa ya pamba isiyobana au fulana laini ya pamba chini ya gauni. Mwenye titi kubwa anaweza kukunja kitambaa safi cha pamba akakiweka chini ya titi ili ngozi isigusane na ngozi, akikibadilisha kila kinapolowa. Wanaotumia titi la bandia baada ya upasuaji watumie lile jepesi la pamba kwa sasa; la silikoni ni zito na hutia joto.

Angalia unavyofunga kanga. Fundo la kifuani, lile la kutokea bafuni au la kulalia, hukaa juu ya titi kabisa na kusugua usiku kucha. Funga kiunoni, au itupie begani upande mzima. Kadhalika kumbeba mtoto mgongoni: kanga inayopita juu ya matiti na kukazwa mbele hubana pale pale pasipotakiwa kubanwa. Kwa wiki hizi mtoto abebwe na mwingine.

Baibui la nailoni hushika joto. Vaa la kitambaa chepesi, na chini yake nguo ya pamba. Pini ya mtandio ibanwe mbali na mtulinga. Mkoba uhamie bega la upande wa pili. Ukipanda gari funga mkanda, usiuache, ila weka kitenge kilichokunjwa kati ya mkanda na kifua. Kwenye daladala iliyojaa, simama ukiwa umeligeuzia kundi mgongo upande huo, au mwombe kijana akupishe kiti bila kuona haya.

Fua nguo za ndani kwa sabuni laini na uzisuuze mara ya pili. Mabaki ya sabuni ya unga kwenye kwapa la blauzi huwasha hata ngozi nzima.

Jikoni, juani na kitandani

Jiko la mkaa hutupa joto lake kifuani mwa anayeinamia. Kukaanga chapati au kusonga ugali kwa nusu saa mbele ya moto ni kuiunguza ngozi mara ya pili kwa siku moja. Hii ndiyo kazi ya kwanza ya kuwaachia wengine. Ikiwa hakuna wa kukusaidia, weka jiko kwenye upepo, kaa pembeni badala ya kuinama juu yake, na pika vyakula vinavyochemka vyenyewe.

Usiweke chupa ya maji ya moto wala barafu moja kwa moja kwenye eneo la tiba. Ngozi hiyo haipimi joto na baridi kama zamani, na unaweza kuungua bila kujijua. Kukandwa kifuani nako kuache. Eneo hilo likiwasha, tumia kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya kawaida, kikamuliwe, kiwekwe kwa dakika chache, kisha pakaushwe. Usijikune, na kucha ziwe fupi, kwani usiku mkono hujikunia wenyewe.

Juani funika eneo hilo kwa nguo. Bwawa la kuogelea lenye klorini liache. Plasta za kunata usizibandike, maana zikitoka hutoka na ngozi. Ukilala, lalia mgongo au ubavu wa pili. Upande uliofanyiwa upasuaji wa tezi, sindano na kipimo cha presha viende mkono mwingine inapowezekana.

Kula vizuri kuna maana yake hapa. Ngozi hujengwa kwa protini: maharage, kunde, dagaa, mayai, maziwa, samaki. Kunywa maji ya kutosha. Anayetaka kufunga Ramadhani au Kwaresima azungumze kwanza na daktari wake, si na majirani.

Na waondoe hofu walio nyumbani. Mionzi inayotoka kwenye mashine haibaki mwilini. Ukishashuka kitandani umekwisha kazi nayo. Unaweza kumpakata mjukuu, kula sahani moja na watu, na kulala na mumeo kitanda kimoja.

Ukaguzi wa jioni

Kila jioni, baada ya kuoga, tumia dakika mbili tu. Weka kiganja cha mkono upande wa titi zima, kisha upande wa tiba. Linganisha joto. Bonyeza taratibu: panauma? Panakaza? Nyanyua titi utazame kwa kioo na mwanga wa simu. Inua mkono. Mwenzako aangalie mgongo. Nusa, maana harufu mpya ni habari. Tazama ndani ya nguo uliyovua: kuna doa la majimaji?

Kesho yake, kazi iliyobaki ni kusema. Na hapa ndipo wengi hukwama kwa sababu ya adabu zetu wenyewe. Muuguzi kijana anasalimia: "Shikamoo mama. Ngozi inaendeleaje?" Mama anajibu: "Marahaba mwanangu. Salama tu, tunashukuru." Salamu imekwisha, na taarifa haikutolewa. Jibu lenye faida ni hili: "Marahaba. Chini ya titi panawaka moto tangu juzi, na usiku fulana imenata." Kwa sentensi hiyo moja muuguzi anajua pa kufunua na cha kutafuta. Usihofu kwamba utaonekana mlalamishi, wala kwamba watakukatizia tiba. Ngozi ikishughulikiwa mapema, tiba mara nyingi huendelea bila kusimama, na kutosimama ndiko kunakotakiwa, kwa sababu siku zinazorukwa huzipa seli za saratani nafasi ya kujijenga upya. Usijipangie mapumziko mwenyewe kwa kuogopa kuungua.

Ngozi ikichubuka

Kwanza hutangulia kubambuka kukavu: magamba madogo, kama ngozi iliyopigwa na jua. Endelea na krimu, usibandue magamba. Vipele vidogo vinavyowasha kifuani pia ni kawaida. Mwambie muuguzi, huenda ukaandikiwa dawa ya muwasho.

Ikifika ngozi ya juu imetoka na chini panatoa majimaji, badilisha mwenendo. Acha krimu kwenye kidonda. Safisha kwa maji ya chumvi ya hospitali au maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Funika kwa bandeji isiyogandia, ile ambayo kliniki hutoa, ishikiliwe na fulana badala ya plasta. Usitumie dawa ya zambarau ya GV: hukausha kidonda hadi kikapasuka, na humficha daktari asione kinachoendelea. Usitoboe malengelenge. Kwa maumivu, paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti husaidia, na ukiinywa nusu saa kabla ya kubadilisha bandeji utapata nafuu zaidi.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona usaha, harufu mbaya, maumivu yanayozidi ghafla, uvimbe unaosambaa, damu isiyokoma, au homa ya nyuzi 38 na zaidi. Kama bado unapata kemo, homa hiyo isingoje asubuhi.

Baada ya kipindi cha mwisho

Endelea na utaratibu uleule kwa wiki nne hivi, au mpaka ngozi ifunge kabisa. Wiki mbili za kwanza ndizo ngumu, na hali ikizidi kidogo katika siku hizo usikate tamaa. Kama unasafiri kurudi mkoani, ondoka na bandeji, krimu na barua ya daktari inayoeleza tiba uliyopata, ili zahanati ya kwenu isikuhudumie kama aliyeungua kwa uji.

Mahali palipochubuka panaweza kurudi na rangi ya waridi au madoa meupe, huku pembezoni pakiwa peusi. Rangi hujirudia polepole, kwa miezi, ingawa si lazima ifanane kabisa na ya zamani. Titi linaweza kuwa gumu kidogo au kuvuta. Ngozi ikishafunga, muulize daktari kuhusu kulisugua taratibu kwa losheni, na uendelee na mazoezi ya mkono. Eneo hilo sasa litahitaji kulindwa na jua maisha yote, kwa nguo au kwa losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 na zaidi.

Ukipewa dawa mpya ya saratani baadaye, kisha eneo la zamani likawaka upya, mjulishe daktari: zipo dawa zinazoweza kuiamsha ngozi iliyowahi kupata mionzi. Na uvimbe, kidonda au kipele kisichopona kionwe na daktari.

Kwa walio karibu naye

Mume, dada, binti: msiulize tu "unajisikiaje". Chukueni jiko. Mbebeni mtoto. Tazameni mgongo jioni. Leteni kanga laini kuukuu badala ya chupa ya dawa ya kienyeji. Akiwa na aibu ya kuonyesha kifua chake, mpeni muda, kisha msaidieni kumpata muuguzi wa kike.

Nawe uliye kwenye tiba, iwe Ocean Road Dar es Salaam, Bugando Mwanza, Kenyatta Nairobi au Mulago Kampala, kabla hujatoka kliniki siku ya kwanza uliza swali moja: "Ngozi ikichubuka usiku, au Jumamosi, nimpigie nani?" Andika namba hiyo kwenye simu yako na kwenye simu ya mtu unayelala naye nyumba moja. Kisha itumie. Hakuna anayepewa tuzo kwa kuvumilia kidonda ambacho kingetibiwa.